Mkuu usilipe hiyo kodi ya nyumba kwanza (kwa anayehamia Dodoma na mtoto wa form one)

Simama hapohapo, usimtumie dalali hata mia. Nimesoma uzi wako, unahamia Dodoma na kazi, kijana anaingia kidato cha kwanza Januari, umeweka shule tatu za kata na division zake (madaraja ya ufaulu wa kidato cha nne) toka NECTA, baraza la mitihani, unauliza ipi kali, halafu umeuliza chakula cha mchana, hosteli na tuisheni. Hilo jedwali lako ndo limenitoa usingizini maana mi nililichora hilohilo 2019, tena kwa eksel, na rangi.

Ofisi ilikuwa ishahamia Mtumba, ule mji wa serikali hapo Dodoma, familia bado iko Dar. Jamaa mmoja wa kazini, wale wa kujua kila kitu, akanambia kaka kuna shule ya kata upande wa huko ni moto, div one sita (daraja la juu kabisa) na ziro, yaani waliofeli, za kuhesabu. Dalali aliposikia nina mtoto, nyumba aliyokuwa nayo ghafla ikawa "mlango wa pili na shule". Nikalipa miezi sita. Mlango wa pili wenyewe ni dakika arobaini kwa mguu na korongo katikati, na korongo la Dodoma mvua ikinyesha hujalijua bado. Makonda nao wakiona yunifomu wanaangalia pembeni, nauli ya mwanafunzi haiwalipi, basi ikawa bajaji kila asubuhi. Ila hiyo ni hela, hela inauma inapoa.

Mwaka wa kwanza korona ikafunga shule, sikushtuka kitu. Kidato cha pili, likizo ya Juni, natafuta kalamu kwenye begi la binti nikatoka na daftari la fizikia. Ukurasa wa mwisho wenye maandishi ni tarehe 9 Februari, static electricity, kachora ile elektroskopu, kifaa cha kuonesha chaji ya umeme, jani moja la dhahabu lipo la pili halijachorwa. Baada ya hapo karatasi nyeupe mpaka jalada la nyuma, ukitoa kamchezo ka X na O. Namuuliza, vipi hii? Ananijibu baba fizikia hatuna mwalimu toka Februari. Mbona hukusema? "Nilijua unajua, si we ndo uliichagua."

Nikaenda shuleni nikiwa nimevimba. Mwalimu wa taaluma akanieleza kiungwana tu kwamba fizikia na hesabu alikuwa anazishika kijana wa kujitolea, analipwa kwa michango ya wazazi, kapata ajira kapangiwa Kigoma. Kwa hiyo zile div one sita zilikuwa za yule kijana sio za shule! Na matokeo niliyokuwa nayo mi ni ya 2018, maana yake watoto walioanza form one 2015. Nilikuwa nanunua shule ya 2015 kwa hela ya 2019.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dalili niliiona. Ukishuka chini kabisa kwenye ukurasa wa shule pale NECTA kuna jedwali la masomo, linaonesha waliokaa kila mtihani ni wangapi. Kiswahili darasa zima, fizikia kumi na moja. Nikasema aah itakuwa mtandao. (Na GPA, ule wastani wa ufaulu wa shule, wiki nzima nilidhani kubwa ndo nzuri, mke wangu mpaka leo akitaka kunimaliza mbele ya wageni anaanzia hapo. Ndogo ndo nzuri mkuu.)

Nikataka kumhamisha. Kumbe ile shule niliyoifuta kwenye eksel yangu kisa ina ziro nyingi ndo yenye walimu wawili wa fizikia, wa ajira kabisa. Naulizia uhamisho naambiwa nafasi hakuna imejaa. Tuisheni ya Jumamosi tukaanza tumeshachelewa, kidato cha tatu akaacha fizikia na kemia. Na alikuwa anataka famasi tangu darasa la tano. Na yule jamaa wa ofisini? Watoto wake wote wako boding ya kulipia!! Hajawahi hata kukanyaga hiyo shule, alisoma tu PDF ya kwenye grupu la WhatsApp akaja kunigawia na mimi. Dalali nilimbloku.

Kwa hiyo we sahau division. Kabla hujatafuta nyumba tafuta daftari la fizikia na la hesabu la mtoto wa kidato cha pili wa shule husika, sio cha nne, wale wa mtihani wa mwisho wanawekewa kambi ya kusoma hutaona kitu. Angalia tarehe na tiki ya mwalimu. Nenda na mama watoto, muombe jirani mwenye mtoto pale, usiende kusimama getini peke yako saa nane mchana kama mimi, mlinzi alinihoji mpaka nikatoa kitambulisho cha kazi. Ukiingia ofisini kwa mkuu wa shule muulize fizikia anafundisha nani na analipwa na nani, ukisikia "wazazi wanachangia" jua huyo yuko njiani kuondoka.

Chakula utachangia, ada ndo haipo toka 2016. Hosteli nitarudi kukujibu.

Binti sa hivi yuko HGL (historia, jiografia na Kiingereza), anasema hana kinyongo na mimi. Mama yake ndo anacho.