Kabla ya kununua kozi ya biashara, piga hesabu ya kuni

Msomaji mmoja wa Konde, huku kwetu Pemba, kaniandikia juma lililopita. Yeye na mumewe wana duka la vyakula na tanuri la mkate, na watoto wao wakitoka skuli huwasaidia. "Dada, kila nikifungua simu naona kozi za biashara, moja bei rahisi, nyengine bei ya mbuzi. Nisome wapi?" Wengi mumeniuliza swali hili, kwa hivyo namjibu yeye na nyie pia.

Sisi Wete tunapika halua. Babu alipika, baba akaipokea, na sasa tumo mie na kaka zangu. Hivi karibuni halua yetu imeanza kuuzwa katika duka moja la Mji Mkongwe, ndani ya boksi lenye jina letu, na sioni haya kusema kwamba nimefurahi mno. Kilichotufikisha huko ni hesabu ya kuni.

Kuni zetu hutoka shambani kwetu. Hakuna anayezilipia, kwa hivyo kwa miaka yote hakuna aliyezihesabu. Kwa baba, gharama ya sufuria moja ilikuwa sukari, samli, wanga, iliki na kungumanga, basi. Vijana wanaosonga hupewa chakula na kipande cha halua, nao hawakuhesabiwa. Na anayeijua halua anajua kazi ile: unasonga bila kupumzika mpaka mwiko uwe mzito na samli ianze kujitenga pembeni mwa sufuria. Ukiacha kidogo tu, inashika chini.

Usiku mmoja baada ya Isha nikakaa na kitabu cha mafunzo cha Shirika la Kazi Duniani, mafunzo ya kuanzisha na kuboresha biashara yanayojulikana kwa kifupi SIYB, kwenye sehemu ya kupiga gharama. Nikaandika kila kitu. Kuni nikaziwekea bei kama tumezinunua. Wasongaji nikawawekea ujira wa kibarua. Nikaongeza maboksi, karatasi za nailoni na nauli ya mzigo hadi Unguja. Halua ilipopoa nikaipima kwenye mizani, maana uzito wa vilivyoingia sufuriani si uzito wa kinachotoka, nasi tunauza kinachotoka. Nikagawa gharama yote kwa kilo. Bei tuliyokuwa tukiwauzia watu wa harusi, pamoja na punguzo la "huyu ndugu yetu", ilikuwa chini ya gharama. Tulikuwa tunawalipia watu harusi zao.

Nikaipeleka karatasi barazani. Ami yangu akasema mbele ya wote, "Karatasi haipiki halua." Wakacheka. Ami ni mzazi wangu na namheshimu, lakini neno lile bado linaniuma. Baba hakucheka. Aliichukua karatasi, akaisoma kimya, kisha akaniambia bei niliyoweka ya mzigo wa kuni ni ndogo, ya sokoni imepanda. Akanisahihisha na ujira wa wasongaji. Hapo nikajua kaikubali.

Basi dada wa Konde, anza na kitabu hicho. SIYB ni mafunzo ya miaka mingi, yamefundishwa nchi nyingi, na baadhi ya vitabu vyake hupatikana bure kwenye tovuti ya shirika lenyewe. Sehemu ya kuboresha biashara ina mada za soko, gharama, manunuzi na akiba ya bidhaa, kumbukumbu za hesabu, mipango, na wafanyakazi. Usisome zote kwa pupa. Soma gharama na kumbukumbu, ukiwa na daftari lako mkononi, namba zako mwenyewe.

Video za simu zina faida, lakini nyingi za Kiswahili zinatoka Bara, na mtu wa Pemba akizifuata atapotea njia. Wanakwambia usajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa Bara. Kwetu ni BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali wa Zanzibar. Wanakwambia VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Yetu inakusanywa na ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, kwa sheria ya Zanzibar ya mwaka 1998. Kodi ya mapato na ushuru wa forodha ndizo za TRA hata huku. Kaulize kaunta za ofisi hizo. Mie mambo ya lebo nimeyajua kwa kuuliza watu wa Taasisi ya Viwango Zanzibar, ZBS: viambato kwa mpangilio wa uzito, uzito halisi, jina la mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Swali halilipiwi.

Kuna mwalimu mwengine hayumo kitabuni. Mzee mmoja mwenye duka hapa Wete anakopesha watu mpaka karafuu zivunwe, na hadaiani na mtu kwa ugomvi. Nilimuomba anioneshe daftari lake. Kila mteja ana ukurasa wake, na kila mkopo umeandikwa na jina la mtoto aliyetumwa kuchukua. Baba mtu akisema "sikuchukua mchele mie", mzee anamjibu alikuja fulani, siku fulani. Na mkopo wote anaotoa kabla ya mavuno hauzidi kiasi ambacho, hata hela hiyo ikiwa bado haijarudi, anaweza kujaza rafu. Hakuna kozi iliyonifundisha hivyo.

Kozi za kulipia nimeonja. Nilikwenda semina moja, ukumbi mzuri, tukaambiwa tuwaze makubwa. Nilipouliza vipi nipange bei ya kitu kinachopikwa kwa kuni za nyumbani, mkufunzi akasema tutazungumza wakati wa chai. Chai ikaja, yeye akaondoka. Nimerudi na cheti. Kwa hivyo kabla ya kutoa pesa yako, omba uoneshwe ukurasa wa kupiga gharama. Kama hawana, baki na pesa yako.

Andikeni, jamani. Andikeni kila siku. Kilo ya sukari inayotoka dukani kwenda jikoni kwenu, andikeni. Mkate wanaokula watoto, andikeni. Jilipeni ujira, hata mdogo, muujue. Pesa ya duka ikae mbali na pesa ya nyumba, na mume asichukue bila kuandika, wala mke.

Mkopo nao, ZEEA, wakala wa Zanzibar wa kuwezesha wananchi kiuchumi, wanakopesha wajasiriamali wadogo na mafunzo wanatoa, lakini msiende mikono mitupu. Nendeni na daftari la msimu mzima, la miezi ya karafuu na la miezi ya ukata wa pesa, ili muombe kiasi ambacho tanuri lenu linaweza kukirudisha hata katika miezi ambayo Konde nzima inanunua kwa deni.