Kwa Wasomaji Wapya wa Hadithi za Mashabiki: Maoni Yenu Yanafika

Jamani, kila kundi jipya la wasomaji wa hadithi hizi, zile mashabiki wanazoziandika wakitumia wahusika wa vitabu au filamu wazipendazo, likiingia, makosa ni yale yale. Mwandishi kapandisha sura ya 12 ya maneno elfu sita, na maoni ya kwanza anayoyakuta ni "Sura ijayo lini?" Tunawapenda, ndiyo maana tunarudia.

1. Kudos, yaani kitufe cha kuonyesha umeipenda hadithi, peke yake haitoshi kwa hadithi ndefu. Kwenye AO3 (Archive of Our Own, tovuti ya hadithi za mashabiki) unaitoa mara moja tu kwa hadithi nzima, hata iwe na sura 40. Ukibonyeza sura ya kwanza kisha ukanyamaza, mwandishi hajui kama sura ya tisa bado uko naye. Wattpad, tovuti nyingine ya hadithi, ni tofauti: kura hupigwa sura kwa sura, na maoni hubandikwa kwenye aya yenyewe.

2. Hujui uandike nini? Nakili sentensi moja iliyokugusa, sema imekufanyaje, kisha uliza au bashiri jambo moja. Mistari mitatu yatosha.

3. Ukosoaji usioombwa. Hapa wengi huanguka, na wengi kwa nia njema kabisa. Msomaji anaona mhusika haongei kama kwenye kazi asilia, au sura ya tatu inakokota, basi anamwaga aya tano za masahihisho hadharani. Kwanza, amechelewa: waandishi wengi huwa na sura kadhaa mbele zilizokwisha andikwa, na kubadili muundo ni kuzibomoa zote. Pili, huenda mswada ulikwisha pitiwa na beta, yaani msomaji wa kusahihisha kabla ya kupandishwa, ambaye mwandishi alimchagua na kumwamini, wewe hakukuchagua. Tatu, unachokiita kosa huenda ni makusudi. Lebo, yale maneno ya kuitambulisha hadithi, imesema ni ulimwengu mbadala, nawe unadai kalenda ya ulimwengu wa asili! Someni lebo na maelezo ya mwandishi, jamani, yamewekwa juu kabisa. Nne, na hili ndilo linaloumiza zaidi, wasomaji wengine wanakusoma. Wa pili anakuunga mkono, wa tatu anakupinga, na sehemu ya maoni inageuka baraza la kumjadili mtu anayeandika bure, usiku, baada ya kazi zake. Hadithi nyingi husimama hapo hapo.

Una jambo la kusema kweli? Angalia kama maelezo yake yanakaribisha ukosoaji. Kama hayasemi, uliza kwa sentensi moja: "Ungependa nikuonyeshe makosa ya uandishi?" Akinyamaza, amekujibu. Akikubali, chagua matatu au manne, taja sura na sentensi, eleza ulipokwama, wala usimwandikie upya kwa mtindo wako. Yasiyohitaji ruhusa ni ya kiufundi: sura iliyopandishwa mara mbili, aya iliyokatika katikati, kiungo kisichofunguka. Hayo mjulishe kwa mstari mmoja wa upole, atakushukuru.

4. Alamisho za AO3, yaani hadithi ulizojiwekea ili uzirudie, ni za hadharani usipochagua ziwe za faragha. Ile kumbukumbu uliyojiandikia, "mwanzo mzuri, mwisho ovyo", mwandishi anaweza kuifungua na kuisoma. Weka faragha.

5. Badala ya kudai sura mpya, sema unachosubiri: "Sijui kama dada mtu atasamehe." Hapo mwandishi anajua fundo lake limekaza. Deni la tarehe halimsaidii, hasa aliyekwisha sema anaumwa au ana mitihani.

6. Hadithi ya zamani nayo itolee maoni. Usianze kwa kuomba radhi kwamba umechelewa. Iwe ya 2011 au ya jana, taarifa humfikia mwandishi kwa barua pepe vilevile, labda awe ameizima au ameacha anwani ile. Ila soma tena kabla ya kutuma, majina ya wahusika hasa. AO3 inakuruhusu kuhariri maoni yako mpaka mtu atakapoyajibu. Akishajibu, yanabaki ulivyoyaandika.