Ukiomba wimbo ya wazee ku redio, omba pande zote mbili

Yambo bandugu, muko bazima?

Kila Jumapili mchana, pale watu wametoka kanisa na sombe bado inachemka ku mbabula (jiko ya makala), ukipita ku avenue yetu hapa Katuba, Lubumbashi, utasikia redio moja tu, nyumba kwa nyumba, unaweza tembea toka kona mpaka kona na wimbo haikatike. Ni kile kipindi cha nyimbo za zamani za kuomba. Mimi nilianza kukisikiliza nikiwa mtoto wa shule ya msingi, wakati ule dedikasi, ni kusema ombi ya wimbo na salamu, unaandika ku karatasi, unaipeleka wewe mwenyewe mpaka ku mlango ya redio na pesa kidogo, leo tunatuma WhatsApp tu lakini kipindi ni kile kile na wasikilizaji ni wale wale, wenye wamebaki.

Kuko watu wananiuliza kila mara, hasa wale wako mbali, Kolwezi, Ndola, wengine mpaka Ulaya: mama yangu anazeeka, nataka apate wimbo yake ku redio siku moja, nifanye namna gani? Nitajibu na yale yalinipata, juu mimi hii maneno niliihangaikia karibu mwaka mzima.

Baba yetu alikuwa kazi ku Gécamines, kampuni ya migodi. Mwisho wa mwezi, mama akishapokea posho, unga na mafuta, yeye baba anaenda mjini na anarudia na diski moja chini ya mkono, moja tu, ndogo, zile za 45, zenye zinazunguka mara 45 kwa dakika. Alikuwa anaipangusa na kitambaa mbele ya kuiweka ku gramafoni na sisi watoto hatuna ruhusa ya kugusa. Alipofariki, gramafoni ilikuwa imetangulia kufa, na diski tukaziweka juu ya kabati, zimelala moja juu ya ingine, chini ya mabati. Munajua mwezi wa kumi joto ya mabati ya Lubumbashi. Zikapinda. Kama uko na diski za mzee mu nyumba, nakuomba leo leo uzisimamishe wima kama vitabu, mu karatoni, pahali pa baridi, mbali na dirisha na mabati, na usizifute na maji ya sabuni ya nguo. Zenye zimepinda usijaribu kuzinyoosha na moto, niliharibu mbili namna hiyo na mpaka leo inaniuma.

Sasa mama, kila akikoroga bukari (ugali), alikuwa anaimba kitu. Haina maneno. Ni "ti-ri-ri-ri" tu, inapanda, inashuka, inarudi, na mwiko unafuata. Siku moja nikamuuliza, mama, ni wimbo gani? Akasema, "Ni ya baba yako." Inaitwa je? Hajui. Nani aliimba? Akafikiri, akasema, "Ni Nico."

Basi nikatuma dedikasi: tunaomba wimbo ya Docteur Nico kwa mama yetu, na salamu kwa fulani na fulani na fulani, nafikiri nilipanga majina 17. Ikapita. Mtangazaji alisoma majina yote, alipomaliza, wimbo ikachezwa nusu tu juu saa ya habari ilikuwa imefika. Mama akasikiliza, akasema, "Muzuri. Lakini haiko ile." Jumapili ya pili Nico ingine, haiko ile. Ya tatu, haiko ile.

Hapa njo nilianza kuelewa kosa langu. Kusema "wimbo ya Nico" ni kama kufika ku soko ya Kenya, ile commune ya hapa kwetu Lubumbashi, na kusema nataka nguo. Huyu mzee alipiga gitaa kwanza mu bendi ya African Jazz ya Kabasele, wale waliimba uhuru mwaka wa 1960, halafu 1963 akatoka pamoja na mwimbaji Rochereau wakaanzisha African Fiesta, hawakukaa miaka mingi wakagawanyika tena, Rochereau akabaki na African Fiesta National, Nico akaenda na African Fiesta Sukisa. Gitaa ni moja lakini waimbaji wanabadilika, diski ni nyingi sana, na ukisema tu "African Fiesta" mtangazaji hawezi kujua unataka ya nani. Kwa hiyo mzee wako usimuulize wimbo inaitwa je, wazee wengi hawajui jina yenye iliandikwa ku diski, wanaita wimbo na maneno wanakumbuka ku kiitikio, na hawa wetu hapa Katanga wengi hata Lingala hawakuelewa vizuri, walishika sauti tu. Muulize: sauti ilikuwa nyembamba ao nzito? Walikuwa wangapi wanaimba? Kulikuwa filimbi, saksofoni? Na zaidi ya yote muulize mulikuwa munaishi wapi wakati ule. Nyumba inajua miaka kupita kichwa. Mama aliposema "tulikuwa bado Likasi, yaya yako hajazaliwa", pale pale nilijua ni mbele ya 1969, na kazi ikapunguka nusu.

Na majina. Hii inapoteza vijana wengi. Mwaka wa 1972, mambo ya authenticité ya rais Mobutu, watu waliacha majina ya kizungu, na wanamuziki vilevile. Franco ni Luambo Makiadi, Rochereau ni Tabu Ley, Nico ni Kasanda wa Mikalayi, OK Jazz, bendi ya Franco, unaikuta pia TPOK Jazz. Ukitafuta ku intaneti ao ukiandikia redio, andika majina yote mawili, juu mzee anakumbuka moja na diski ina ingine.

Na pale nataja majina, niruhusuni niseme neno moja lenye liko ku roho. Tunaomba Franco, tunaomba Rochereau, vizuri, ni wakubwa, rumba hata UNESCO iliiandika mu urithi wa utamaduni wa binadamu mwezi wa 12 mwaka wa 2021. Lakini Mwenda Jean Bosco, Mwenda wa Bayeke, mtoto wa hapa hapa kwetu, mwenye alirekodiwa na Hugh Tracey, yule mzungu alikuwa anakusanya muziki ya Afrika, mwaka wa 1952 pale Likasi ilikuwa ingali inaitwa Jadotville, mwenye anapiga na kidole gumba na kidole kimoja tu na unaapa ni gitaa mbili, mwenye wapiga gitaa wa Nairobi walimsikiliza ili wajifunze, na anaimba Kiswahili, Kiswahili yetu! Naweza kaa miezi mitatu sisikie mtu anamuomba. Mtangazaji hawezi kuweka chenye hatumuombe. Jumapili hii mtu moja amuombe, tafazali.

Narudia ku mama. Ile Jumapili ya tatu nikaandikia mtangazaji, nikamwambia ukweli: mama hana jina, hana maneno, iko na sauti tu. Akanijibu, basi nitumie sauti. Nikamweleza mama, nikamuomba ruhusa (usirekodi mzee kwa kumuibia, akijua baadaye atafunga mdomo), akasema sitaimba nikikaa bure, ngoja nipike. Nikasimama na telefone karibu ya mbabula, akaanza kukoroga, na ile "ti-ri-ri-ri" ikakuja yenyewe, sekunde 20 hivi, na ndani unasikia mwiko unagonga chungu. Nikatuma namna ile ile.

Jibu ilikuja usiku. Mtangazaji aliandika: hii haiko wimbo, hii ni seben. Na iko upande wa B.

Nieleze kwa wale wamezaliwa na telefone mu mkono. Diski ya 45, upande mmoja unabeba dakika tatu, nne, haiendi mbali. Rumba kamili inapita pale. Sasa ku nyimbo nyingi walikuwa wanaikata: upande A ni maneno, ile ya polepole, wanaimba mapendo na mateso; unageuza, upande B ni mwendelezo, na pale njo magitaa inafunguka, seben, watu wanasimama kucheza. Redio mara mingi wanapiga upande A tu, juu saa ni fupi na dedikasi ni nyingi. Kumbe pengine wimbo ya mama ilikuwa tayari imepita mara ngapi mu ile kipindi, mara ngapi, na yeye hakuitambua, juu kitu chenye alikuwa nacho mu roho kilikuwa upande wa pili. Kwa hiyo ukiomba wimbo ya miaka ya sitini, andika wazi: tunaomba pande zote mbili. Na punguza majina ya salamu, majina matatu inatosha, ile dakika unakula na majina njo dakika ya seben. Na pahali pa yale majina andika mistari miwili ya habari: wimbo ni ya nani, alikuwa anaisikilizia wapi. Mtangazaji akipata habari anaisoma vizuri na haikate wimbo, hata yeye ni mtu.

Na wewe jitayarishe. Usingojee umeme. Nunua batri mbili mpya Jumamosi, juu Jumapili maduka inafunga na umeme unaweza katika dakika ile ile, ilishatupata. Usitumie redio ya telefone, sauti yake ni nyembamba na simu ikiingia yote inakatika. Mu mvua, mabati inapiga makelele, mkalishe mzee ku kona yenye dari ao uegeze redio karibu ya sikio. Na usimwambie saa gani wimbo itapita. Ikichelewa atachoka kungojea, na kuomba wimbo si kununua mkate, kuko Jumapili haikupita na utarudia ya kufuata bila kukasirikia mtu.

Yetu ilipita mwezi wa 11. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi lakini mchana mbingu ikafunguka. Mama alikuwa ku kiti yake ya plastiki mbele ya mlango, anachambua maharagi mu lungo. Mtangazaji akasoma ile mistari yetu, akataja Likasi, akamtaja baba na kazi yake, na mama mikono ikasimama mu maharagi. Upande A ukaanza. Hakusema kitu. Nilikuwa naangalia uso wake na nikaogopa kidogo, nikafikiri tumekosa tena, juu hakuonyesha dalili ya kuitambua, macho alifunga tu. Wimbo ikaisha.

Halafu kimya. Mtangazaji hakuongea, hakuweka matangazo, unasikia tu ile "krr, krr" ya diski. Mimi nikataka kunyoosha mkono ku redio, nikifikiri batri. Mama akanishika mkono, macho angali amefunga, akasema:

"Acha. Eko anageuza."

Gitaa ikaingia. Ile ile, ti-ri-ri-ri, inapanda, inashuka, inarudi, na vidole vyake vikaanza kugonga ku lungo, maharagi inaruka ruka. Ilipomalizika akaniambia kwamba baba alikuwa anageuza diski pole sana, na kitambaa, na yeye kila mara alikuwa anamtania ku kile kimya, anamwambia muziki itapoa. Hiyo sikuwahi kusikia. Nikaandika usiku ule ule, na tangu siku ile kila Jumapili niko na kayee (daftari) karibu ya redio.

Mtangazaji ameniambia diski zake zingine zinaanza kulia, zimechoka, na anatafuta watu wenye wangali na zao. Ku zile za baba tisa hazikupinda. Kesho asubuhi nazipeleka, zimesimama wima mu karatoni, na kitambaa chake juu.