Maswali na majibu: Microsoft 365, Google Workspace au LibreOffice kwa ofisi yenu?

Wengi waliotuandikia wanauliza ipi ni bora kwa kazi za ofisi: Microsoft 365 (yenye Word na Excel), Google Workspace (yenye Docs na Sheets za mtandaoni) au LibreOffice, ambayo ni ya bure. Sisi tunaanza na maswali mawili mengine: faili lenu zito kuliko yote ni lipi, na mafaili yenu mnabadilishana na nani? Mkishajibu hayo, uamuzi unakuwa mwepesi.

Habari za kazi. Ofisi yetu ina watu 12. Wengi tunaandika barua na ripoti tu, kwa hiyo tunataka kuhama kutoka Microsoft 365 kwenda Google Workspace. Mhasibu wetu amegoma kabisa. Tumwelewe vipi?

Nzuri, ndugu zetu. Msikilizeni mhasibu kabla hamjalipa chochote. Barua na ripoti huhama bila shida kubwa, ila kazi ya Excel ndiyo hukwama njiani.

Karatasi moja ya Excel inabeba mistari 1,048,576 na safu 16,384. Google Sheets inahesabu kwa seli, na ukomo wake ni seli milioni 10 kwa faili zima. Jedwali lenye safu 40 litagota kwenye mstari wa 250,000, na litakuwa limeanza kusuasua muda mrefu kabla ya hapo.

Makro, yaani amri zinazoendesha kazi zenyewe ndani ya faili, ni tatizo kubwa zaidi. Kama faili la mishahara linaishia na .xlsm, basi lina uwezo wa kubeba makro za VBA, lugha ya programu ya Microsoft, na Google Sheets haiziendeshi. Zitabidi kuandikwa upya kwa Apps Script, lugha ya Google ambayo msingi wake ni JavaScript. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua kuandika programu, na kila makro itahitaji kupimwa upya. Hata Excel ya kwenye kivinjari haiendeshi VBA, kwa hiyo kifurushi cha Microsoft kisicho na programu za kusakinisha nacho hakitamsaidia mhasibu wenu. Vilevile, kama anavuta data kwa Power Query, zana ya Excel ya kuingiza na kusafisha data kutoka vyanzo vingine, Sheets haina kitu hicho.

Fanyeni jaribio. Chukueni nakala za mafaili matatu: la mishahara, la kufunga mwezi na la stoo. Yabadilisheni yawe ya Google Sheets, kisha mlinganishe jumla za mwezi uliokwisha kufungwa, tarakimu kwa tarakimu. Tafuteni seli zinazoonyesha alama za makosa, #NAME? au #REF!, na mbofye kila kitufe alichozoea kukitumia. Yote matatu yakipita, hameni. Likikwama moja, mhasibu abaki na leseni ya Excel ya kusakinisha na wengine wahamie Google. Mpango huo unafaa, mradi nakala rasmi ya kila faili iwe sehemu moja tu. Nakala mbili za jedwali la mishahara, moja kwenye Google Drive na nyingine kwenye kompyuta yake, zitaanza kutofautiana mapema tu.

Mfumo wetu wa mauzo unatoa ripoti ya .xls. Ripoti ya mwaka inaishia mstari wa 65,536, mauzo ya baadaye hayaonekani. Excel imeharibika?

Excel ni nzima. Muundo wa zamani wa .xls ndio unaoishia mstari wa 65,536. Mwaka 2020 nchini Uingereza, karibu visa 16,000 vya Covid-19 viliachwa nje ya taarifa za kila siku kwa sababu data ilipitishwa kwenye mafaili ya aina hiyo. Mwambieni anayeutunza mfumo atoe .xlsx, muundo mpya wa Excel, au CSV, faili la maandishi matupu lenye data iliyotenganishwa kwa mikato. Mkichagua CSV, msiifungue kwa kuibofya mara mbili, kwa sababu Excel itachukulia namba za simu kuwa hesabu na kuondoa sifuri ya mwanzo. Ingizeni kupitia menyu ya Data, na safu ya namba za simu muipe aina ya maandishi.

Sisi ni watu wa LibreOffice. Wateja wanalalamika kwamba mkataba wetu ukifunguliwa kwa Word unaharibika: kurasa 3 zinakuwa 4 na sehemu ya sahihi inabaki peke yake. Tuache LibreOffice?

Hapana, angalieni fonti kwanza. Waraka ukifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti husika, programu huweka nyingine. Upana wa herufi ukitofautiana, kila mstari unaishia mahali pengine na jedwali linasukumwa chini. LibreOffice huja na Carlito badala ya Calibri, Caladea badala ya Cambria, Liberation Serif badala ya Times New Roman na Liberation Sans badala ya Arial. Hizi zilitengenezwa ziwe na upana uleule, kwa hiyo mistari haihami. Siku hizi Word mpya inaanza na Aptos, na waraka wa mteja ulioandikwa kwa fonti hiyo utayumba ukifika kwenu kama haimo kwenye kompyuta zenu. Kubalianeni na wateja mtumie Arial au Times New Roman kwa mikataba.

Sababu ya pili ni mkono wa mwandishi. Kuna wanaopanga sahihi kwa kubonyeza nafasi mara thelathini, na wanaofika ukurasa mpya kwa kubonyeza Enter mfululizo. Hapo hakuna programu itakayowaokoa. Sahihi ziwekwe ndani ya jedwali lisilo na mistari, na ukurasa mpya uanze kwa Ctrl+Enter.

Sababu ya tatu ni kubadilisha muundo mara kwa mara, kutoka .odt ya LibreOffice kwenda .docx ya Word na kurudi. Kila safari inaweza kudondosha kitu. Kama wateja wenu wanatumia Word, fungueni Tools, kisha Options, Load/Save, General, na hapo mchague waraka uhifadhiwe kama .docx siku zote. Mkataba uliokamilika, ambao hautahaririwa tena, utumeni kwa PDF tu.

Je, ni halali kampuni kutumia LibreOffice bila kulipa?

Ndiyo. Leseni yake, MPL 2.0, inaruhusu matumizi ya biashara bila ukomo wa watumiaji. Kumbukeni tu kwamba haiji na barua pepe wala hifadhi ya wingu, yaani ya mtandaoni, hivyo wekeni gharama hizo kwenye hesabu. Tahadhari iwe kwa vifurushi vya Microsoft vya nyumbani, kama Personal na Family: hivyo havikuuzwa kwa kazi za biashara.

Intaneti yetu hukatika mara kwa mara. Tukihamia wingu kazi itasimama?

Inategemea kifurushi. Microsoft 365 Business Standard ina Word na Excel za kusakinisha, hadi kompyuta 5 kwa mtumiaji mmoja, na zinafanya kazi bila mtandao. Ila kompyuta iunganishwe angalau mara moja kila siku 30 ili kuthibitisha leseni, la sivyo mtaweza kusoma na kuchapisha tu. Business Basic haina programu hizo za kompyuta. Wengi huinunua kwa sababu ya bei, kisha wanagundua hilo siku mtandao umekatika.

Kwa Google, fungueni mipangilio ya Drive kwa Chrome au Edge na muwashe matumizi ya nje ya mtandao, kwenye kila kompyuta, mtandao ukiwa bado upo. Kisha wekeni alama kwenye mafaili mnayoyahitaji. Na tafadhali sana, msinakili faili la .gdoc kwenye flashi mkidhani mmechukua waraka. Hicho ni kiungo tu, maandishi yenyewe yako kwa Google. Pakueni kama .docx.

Tumefuta akaunti ya mfanyakazi aliyeondoka, na mafaili ya mradi yametoweka. Tunaweza kuyapata?

Harakisheni. Google inaruhusu msimamizi kurudisha akaunti iliyofutwa ndani ya siku 20, Microsoft ndani ya siku 30. Irudisheni leo, mhamishe umiliki wa mafaili, ndipo muifute tena. Kwa anayefuata, badilisheni nenosiri, muondoeni kwenye vifaa vyote, hamisheni mafaili na barua, kufuta kuje mwisho. Kazi za mradi zikae kwenye hifadhi ya pamoja ya Google au SharePoint ya Microsoft, ambako faili haliondoki na mtu.

Office 2019 yetu inafanya kazi vizuri. Kuna haja ya kuibadilisha?

Ipo. Microsoft iliacha kuitolea marekebisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, pamoja na Office 2016. Kompyuta inayofungua viambatisho vya barua pepe kutoka nje ndiyo ya kubadilishiwa kwanza. Kama hamtaki kulipa kila mwezi, Office 2024 hununuliwa mara moja na itahudumiwa hadi Oktoba 2029.