Ndago na wenzake: kutoa magugu kwenye ukoka bila sumu

Wengi wanaouliza dawa ya asili ya magugu wanataka kitu cha kunyunyizia. Kwa ukoka uliokwisha kuota, kitu hicho hakipo. Siki, maji ya moto na chumvi havichagui: kinachounguza gugu kinaunguza na ukoka ulio pembeni yake. Kazi inafanywa na ukoka wenyewe, ukiwa mzito kiasi cha kuufunika udongo, halafu mkono unamalizia magugu machache yaliyopenya. Ukianza kung'oa huku ukoka umedhoofu, utang'oa mwaka mzima.

Anza na urefu wa kukata. Bustani nyingi za Dar es Salaam na Mombasa zinaharibikia hapo. Kijana anakuja na fyekeo mara moja kwa mwezi, anakwangua mpaka udongo uonekane, na mwenye nyumba anaridhika kwamba pamekuwa pasafi. Mwanga ukishafika chini, mbegu zilizolala udongoni zinaamka, na ukoka uliopoteza majani yake hauna nguvu ya kuzizuia. Ukoka wa majani membamba uache na sentimita 3 hadi 4. Ule wa majani mapana, ambao watu wengi huuita wa Pemba, uache na 6 hadi 8. Nyasi ya Kikuyu, inayopendwa Nairobi na Arusha, 4 hadi 5. Usitoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ukiwa na sentimita 9, shusha hadi 6, kisha urudi baada ya siku chache. Kisu cha mashine kiwe kikali. Kikiwa butu kinachana majani badala ya kukata, na ncha zinabaki kahawia.

Maji nayo yana makosa yake. Kunyunyizia kidogo kila jioni kunaufundisha ukoka kuweka mizizi juujuu, na unyevu wa kudumu ndio ndago inaoutaka. Lenga milimita 25 kwa wiki, asubuhi. Udongo wa kichanga wa Pwani ugawie mara mbili. Ili kupima, panga makopo matatu matupu kwenye eneo linalonyeshewa, fungua mpira, uangalie inachukua dakika ngapi kufika milimita 12. Muda huo unakupa nusu ya maji ya wiki. Masika na vuli zikinyesha vizuri, funga bomba kabisa.

Palipokanyagwa sana, kama njia ya kwenda getini, udongo umeshikamana na ukoka hauingizi mizizi. Choma mashimo kwa uma wa bustani, kina cha sentimita 10, kila baada ya sentimita 10 hadi 15, udongo ukiwa na unyevu bila kuwa tope. Kisha tandaza mboji iliyochekechwa, unene wa nusu sentimita. Kwa mita za mraba 100 hiyo ni nusu mita ya ujazo, karibu toroli nane. Samadi mbichi usiitumie kamwe. Ng'ombe na mbuzi hula magugu yenye mbegu, na sehemu ya mbegu hizo hutoka zikiwa hai. Zinakufa rundo likipata joto la nyuzi 55 na zaidi kwa siku kadhaa, nalo unaligeuza ili la pembeni nalo liingie katikati. Ukichomeka chuma katikati ya rundo na kukiacha dakika kumi, kikitoka kiwe cha moto kiasi kwamba huwezi kukishikilia.

Sasa ndago. Gugu hili linastahili muda wako kuliko mengine yote. Utaitambua kwa bua: lizungushe kati ya vidole, utasikia pembe tatu. Majani yanang'aa kidogo, na siku mbili baada ya kukata tayari imeupita ukoka kwa urefu. Ukiivuta kwa mkono inakatika pale chini na kukuachia ushindi wa wiki moja, kwa sababu chini kuna kiazi cheusi chenye ukubwa wa punje ya karanga, kimeunganishwa na kingine kwa uzi mwembamba, na hicho na kingine tena. Kila kiazi kina macho kadhaa. Ukikata chipukizi la kwanza, jicho jingine linaamka.

Zikiwa chache, mwagilia eneo jana yake. Ingiza uma sentimita 10 kutoka kwenye bua, uende chini sentimita 20 hadi 25, kisha inua bonge zima bila kulivunja. Livunjevunje kwa mkono juu ya gunia, ufuate uzi mpaka kiazi kinachofuata. Jembe halifai hapa. Linakata minyororo na kuacha kila kipande kikiota peke yake. Viazi usivitupe kwenye mboji. Vianike kwenye sakafu ya saruji, jua kali, kama wiki mbili, mpaka vinyauke kabisa.

Zikiwa nyingi, usichimbe ukoka wote. Ng'oa machipukizi kila baada ya wiki mbili bila kuruka, kabla hayajafikisha majani sita. Mche ulioachwa wiki tatu hadi nne huanza kutengeneza viazi vipya, na hapo unarudi mwanzo. Ukishika ratiba, kiazi kinatumia akiba yake bila kurudishiwa chochote. Ni kazi ya misimu kadhaa, tusidanganyane. Ndago haipendi kivuli, kwa hiyo huku uking'oa acha ukoka urefuke kidogo. Plastiki nyeusi isikushawishi: ncha ya ndago ni kali, inaitoboa.

Kifauongo kinapenda udongo wenye naitrojeni kidogo, maana kama mikunde mingine kinajitengenezea naitrojeni yake. Ving'oe na mzizi baada ya mvua, ukiwa na glavu, kabla ya vitumba kukomaa. Mboji ikiongezeka, ukoka unakizidi nguvu. Mbigili ukate mzizi wake mkuu chini kidogo ya pale matawi yanapoanzia, kisha buruza gunia kuukuu juu ya eneo. Miiba itanasa humo, na gunia ulichome.

Kila pengo ulilochimba lijaze siku hiyohiyo. Chukua vipande vya ukoka vya sentimita 10 vyenye vifundo viwili au vitatu, uvipande kila baada ya sentimita 10, kifundo kimoja kiwe chini ya udongo. Hapo maji ni kila asubuhi kwa wiki mbili.

Kuna ushauri wa mtandaoni wa kumwaga unga wa mahindi. Kilichofanyiwa utafiti Marekani ni gluteni ya mahindi, mabaki ya viwanda vya wanga yenye protini karibu asilimia 60, kwa takribani kilo 10 kwa mita za mraba 100. Nayo inazuia mbegu zinazochipua tu, haigusi viazi vya ndago. Unga wa ugali utalisha mchwa na panya. Siki na maji yanayochemka vitumie kwenye mianya ya vigae vya njia, mbali na ukoka. Chumvi usiitumie popote, inabaki udongoni.

Mwisho, udongo wa lori. Ndago nyingi zinaingia uani kwa njia hiyo, au kwenye mizizi ya ukoka ulionunuliwa kando ya barabara. Kabla ya kulipia, omba ndoo moja ya sampuli, imwage kwenye beseni lililotobolewa chini, uweke juani na kulimwagilia kwa wiki tatu. Zikichomoza ncha zenye bua la pembe tatu, tafuta muuzaji mwingine.