Godoro la tatu: je, kupunguza vitu nyumbani ni zuhudi?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Makorora, Tanga. Tangu Mfunguo Tano (Safar) nimekuwa nikipunguza vitu nyumbani, baada ya kuona kwenye simu watu wanavyoishi na vitu vichache. Nimetoa vyombo, sare za harusi karibu ishirini, kabati la vyombo alilonipa mavyaa wangu, mama wa mume wangu, nilipoolewa, na godoro la chumba cha wageni. Kusema kweli moyo umetulia, hata sala yangu haina haraka kama zamani. Lakini mwezi uliopita mavyaa alikuja kutoka Pangani kutibiwa, akalala kwenye mkeka, akauliza kabati lake liko wapi, akalia. Mume wangu anasema hii si dini, ni kuiga watu. Mimi naona ni zuhudi, yaani kutoshikamana na dunia. Nani kasema kweli?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Nianze na hizo sare, maana hapo hata mumeo sidhani atabisha. Sare ya harusi ya juzi haivaliwi harusi ya kesho. Mtu anakopa, anavaa usiku mmoja, kitambaa kinakwenda kulala sandukuni na deni linabaki macho. Mwenyezi Mungu ametwambia katika Suratul Aaraf, aya ya 31, tule na tunywe wala tusifanye israfu, na nguo zimo katika aya hiyo hiyo. Ukitoka mjini kwa njia ya Pangani, kilomita kama 17, yapo magofu ya Tongoni. Makaburi yale ya minara yalipambwa kwa bakuli za kaure za ng'ambo zilizopachikwa kwenye chokaa. Leo bakuli hazipo, vimebaki vishimo. Wenyewe Mungu awarehemu, siwalaumu. Lakini kila nikipita pale Suratul Takaathur, ile inayowasema walioshughulishwa na kushindana kwa wingi mpaka makaburini, hunijia ulimini yenyewe.

Na huo utulivu wa sala usiudharau. Bibi Aisha, radhi za Mungu ziwe juu yake, amepokea kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliswali na nguo yenye mapambo, jicho likaenda kwenye mapambo yale. Alipomaliza akasema nguo hiyo ipelekwe kwa sahaba wake Abu Jahm, na yeye aletewe ile ya Abu Jahm isiyo na nakshi. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Basi kuondoa kitu kinachokushughulisha moyo kuna asili katika dini. Wala maneno ya mumeo kwamba unaiga hayatoshi kuwa hoja: handaki la kuikinga Madina na maadui lilichimbwa kwa shauri la sahaba Salman Mfursi, na ulikuwa utaratibu wa kwao Uajemi.

Ila hiyo ni nusu ya hadithi. Nguo ile Abu Jahm ndiye aliyemzawadia Mtume. Kwa nini basi asiirudishe tu, akaomba na nyingine badala yake? Wanazuoni wamesema: ili Abu Jahm asivunjike moyo, ajue kwamba alichorudishiwa ni nakshi, si mapenzi yake. Hapo ndipo ulipoteleza na kabati. Kwa sheria, hiba, yaani zawadi, ukishakabidhiwa ni mali yako, na mavyaa hana haki ya kuidai. Kama alikupa wewe, umetoa chako. Kama aliwapa nyote wawili, au alimpa mwanawe, basi kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafii fungu la mwenzio halitoki bila idhini yake, na itabidi uongee na mumeo kabla ya kuongea na mimi. Lakini yale machozi hayakuwa ya sheria. Ungeweza kumwambia kwanza, au kulipeleka Pangani kwake.

Sasa godoro, na hili ndilo kubwa kwangu. Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Jabir kwamba Mtume alisema: tandiko moja la mume, moja la mkewe, la tatu la mgeni, na la nne la shetani. Hesabu hii si ya kufunga, wewe una watoto na wao walale. Maana yake ni kwamba kinachozidi haja na kikawa cha fahari ndicho cha shetani. Wewe ulikuwa unalitafuta la nne, ukatoa la tatu. Hao wa kwenye simu huenda mtu anaishi peke yake na kiti kimoja, hagongewi mlango. Nyumba ya Makorora inapokea mgonjwa kutoka shamba, msiba, maulidi, mtoto wa ndugu aliyekuja kusoma. Sahani thelathini ni nyingi kwa watu watano, lakini siku ya hitima mtaa mzima unaziazima. Zuhudi haihesabiwi kwa vitu vilivyotoka mlangoni. (Mimi mwenyewe nina saa nne za ukutani, zawadi za mahafali ya madrasa, tatu hazitembei. Sijui nizifanyeje.)

Hukusema vitu vilikwenda wapi, nami nauliza kwa sababu kila Shaabani tunaletewa madrasani magunia ya nguo zilizochanika na zipu zilizokufa. Soma Suratul Baqara, aya ya 267: tusikusudie kutoa kibaya ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho.

Kabati ukishalitoa sadaka usilidai, wala usikimbilie kulinunua tena. Sayyidna Umar alitaka kumnunua farasi aliyekuwa amemtoa sadaka, Mtume akamkataza. Nunua godoro la sponji, la kawaida tu, uliweke chumba cha wageni. Kisha nenda Pangani na mumeo, si kwa simu, umwombe mavyaa radhi. Na ukiwa hapo mwombe kitu chake kimoja, mkeka au kikombe, kama Mtume alivyoiomba nguo ya Abu Jahm. Akikupa, kitumie akija akione.

Wallahu aalam.