Shemeji amenikasirikia kwa sababu nilitaka kufungua katoni yake kabla ya kusafiri

SWALI: Assalaam alaykum, Shehe. Mimi ni mama mfanyabiashara hapa Lubumbashi. Naenda Dubai kuchukua bidhaa, na kila safari watu huniletea koli, yaani vifurushi, za jamaa zao. Safari iliyopita shemeji yangu alileta katoni iliyozungushwa skochi, utepe wa gundi, pande zote. Nilipotaka kuifungua alikasirika, akanisomea aya inayokataza dhana na kupelelezana. Sikuibeba, na tangu siku hiyo hasemi nami. Je, nilikosea?

JIBU: Wa alaykum salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Hukukosea, mama.

Aya aliyokusomea ni ya 12 katika Suratul Hujurat, nayo ni haki. Lakini kupelelezana ni kuchungulia alichokisitiri mwenzio na kisichokuhusu. Katoni itakayopimwa pale uwanja wa ndege wa Luano kwa jina lako, ikabandikwa karatasi ya jina lako, inakuhusu. Tena ulitaka kuifungua mbele yake, si kwa siri.

Uwanjani utaulizwa: mzigo huu umeufunga mwenyewe? Kuna mtu amekupa kitu umbebee? Wengi hujibu mbio mbio ili foleni isogee. Jibu lile ni ushahidi. Ukisema umeufunga mwenyewe na hujui hata kilichomo, umesema uongo juu ya roho za watu wote mtakaopanda nao.

Sisemi hayo kukutia hofu bure. Tarehe 19 Septemba 1989, ndege ya shirika la Kifaransa UTA iliondoka Brazzaville, ng'ambo tu ya mto kutoka Kinshasa, ikapita N'Djamena kuelekea Paris. Ililipuka juu ya jangwa la Ténéré, nchini Niger. Watu 170 walikufa, hakupona hata mmoja. Bomu lilikuwa ndani ya sanduku lililopakiwa Brazzaville. Mwaka 1999 mahakama ya Paris iliwahukumu Walibya 6 kifungo cha maisha, bila wao kuwepo. Nawataja waziwazi wala sitafuti udhuru kwa sababu wanatoka nchi ya Waislamu. Suratul Maida, aya ya 32, imelifanya kosa la kuua nafsi moja bila haki kuwa kama kuua watu wote. Na pale ziliuliwa nafsi 170.

Miaka mitatu kabla, Aprili 1986, mwanamke wa Ireland alifika uwanja wa Heathrow, London, ana mimba, akitaka kupanda ndege ya El Al, shirika la Israel. Begi alipewa na mchumba wake, baba wa mtoto aliye tumboni. Walinzi walikuta baruti chini ya kitako cha uongo cha begi lile. Yeye hakujua lolote, na mwanamume alifungwa miaka 45. Mchumba, mama! Basi usiniambie "huyu ni ndugu" kana kwamba undugu ni mashine ya kukagua mizigo.

Mwanamke yule hana lawama, kwani Mwenyezi Mungu anasema katika Suratul Ahzab, aya ya 5, kwamba hakuna dhambi katika tuliyoyakosea, ila katika yale nyoyo zetu zimeyakusudia. Lakini kukosea si sawa na kuzembea. Aliyeona skochi, akaona na hasira, kisha akabeba kwa kuona haya, hawezi kusema hakuwa na alama yoyote mbele yake.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamuru mtu anayepita msikitini au sokoni na mishale ashike ncha zake, asije akamjeruhi Mwislamu yeyote. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Hakumtuhumu mwenye mishale kuwa ni muuaji. Alimwamuru tu ashike ncha.

Niliposafiri kwenda Hija, mzee mmoja aliniletea boksi la mwanawe. Kabla sijasema neno alikaa mkekani, akakata kamba kwa wembe, akatoa ndakala, samaki wadogo, waliokaushwa, kanzu mbili na barua, akaitikisa kanzu moja moja mbele yangu. Kisha akafunga upya kwa mikono yake. Ndivyo ilivyo amana.

Kuhusu shemeji, usimkate. Nenda kwake na mumeo, mpelekee katoni yake ikiwa imefungwa vilevile, umwambie kwamba safari ijayo utambebea, mradi mfunge pamoja. Akikataa hata hivyo, basi abebe mwenyewe.

Wallahu a'lam.